Naruto Kumbe Mtoto wa Kigogo

Kaka yangu aliwahi kwenda kubeba mizigo Kibirizi, huku Kigoma, akiwa amefunga mchanga miguuni. Aliuzoa ufukweni, akautia kwenye soksi mbili kuukuu za shule, akazifunga kwa mpira wa tairi juu kidogo ya vifundo, kisha akashusha suruali watu wasione. Siku hiyo alishusha magunia ya dagaa kwenye boti kwa mwendo wa kikongwe hadi wenzake wakadhani anaumwa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mpira ulikuwa umeshamchuna ngozi, basi wakati tunarudi Mwanga akakaa chini kando ya barabara, akazifungua zile soksi, akazitupa majanini, halafu akatimka kupanda kilima huku anapiga kelele kama aliyeibiwa. Alitaka kuona kama atapaa.

Hakupaa. Ila nilimwelewa, kwa sababu juma lile tulikuwa tumesoma kwa zamu, kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, pambano la Rock Lee na Gaara.

Naruto, kwa asiyeifuatilia, ni manga, yaani hadithi ya Kijapani ya michoro, ya Masashi Kishimoto kuhusu mvulana ninja mwenye jina hilo, iliyoanza kwenye jarida la Weekly Shonen Jump Septemba 1999 na kuisha Novemba 2014, sura 700 katika juzuu 72. Wengi wetu huku tuliifahamu kwanza kama katuni, ile ya kwenda na flashi kwa jamaa wa kuingiza movie na kumwambia "nijazie Naruto mpaka nafasi iishe". Baadaye nikahamia kwenye kurasa zenyewe na sikurudi tena. (Sura mbili za mwanzo nilizisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kama gazeti, kumbe manga huanzia kulia. Watu walikuwa wanajibu kabla hawajaulizwa, na mimi nikadhani huo ndio ufundi wa Wajapani.)

Lee ndani ya hadithi hiyo ni kiroja: ninja asiyeweza ninjutsu wala genjutsu, yaani mbinu za kininja na za mazingaombwe. Hana jicho la ajabu, hana ukoo unaotajwa, hana chochote isipokuwa mikono, miguu na mwalimu anayemwamini, Might Guy. Kwenye mchujo wa mtihani wa Chunin, wa kupanda daraja la uninja, anapangiwa Gaara, kijana ambaye mchanga unamkinga wenyewe, bila yeye kunyanyua hata kidole. Lee anapiga kulia, mchanga. Kushoto, mchanga. Ndipo Guy anapomruhusu avue vyuma vya miguuni. Lee anavivua, anaviachia vidondoke, na vinapotua vumbi linaruka kama pamedondoka nguzo. Mapigo yanayofuata mchanga unachelewa kuyafikia. Mtu anayelipwa kwa gunia akiuona ukurasa ule lazima kitu kimcheze kifuani.

Kisha Lee anashindwa, na hapo ndipo nilipoamini kwamba mwandishi huyu hatanii. Gaara anamponda mkono na mguu wa kushoto. Lee anasimama tena, anakunja ngumi iliyobaki, Guy anamsogelea kumzuia na kugundua kwamba mtu mwenyewe hayumo: amezimia akiwa wima. Baadaye Tsunade, tabibu, anamwambia upasuaji una nafasi ya nusu kwa nusu. Yaani kujituma kuna bei, na bei yenyewe imeandikwa kwenye mifupa ya mtoto.

Vijiweni, swali la Naruto ilizingua wapi halijawahi kukosa wachangiaji. Kuna anayesema vita vya mwishoni vilirefushwa mno. Kuna wa Kaguya, adui wa mwisho. Kuna anayesema Sakura, msichana wa kikosi cha Naruto, aliachwa kwenye mataa, na hajakosea. Mimi nawasikiliza wote, lakini naona wanataja homa na kikohozi wakati ugonjwa ulishaingia zamani. Ugonjwa wenyewe una jina ambalo kila Mtanzania aliyewahi kuzunguka mjini na bahasha ya vyeti analijua: kubebwa.

Chukua pambano la Naruto na Neji, mashindano yaleyale ya Chunin. Neji Hyuga amezaliwa tawi la chini la ukoo mkubwa. Kwenye paji la uso ana muhuri ambao watu wa tawi la juu wanaweza kuutumia kumtesa au kumuua. Baba yake alikufa badala ya pacha wake aliyekuwa mkuu wa ukoo, kwa sababu mmoja alitangulia kuzaliwa na mwingine akafuata. Kwa hiyo Neji anapomwambia Naruto kwamba mtu huzaliwa na fungu lake na hawezi kulipangua, si jeuri tupu. Anasema alichokiona nyumbani kwao. Naruto anamjibu kwa mkono unaochomoza ardhini: amechimba shimo chini ya ulingo huku nakala ya mwili wake imelala pale ikijifanya hoi, na ngumi inamfikia Neji kidevuni. Ndipo anapomsimulia habari ya shule. Amefeli kuhitimu mara tatu, kwa sababu kila mara walitoa somo la nakala, ambalo ndilo alikuwa mbovu nalo kuliko yote. Na sasa ameshinda kwa nakala.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata F ya hesabu mara mbili. Sina haja ya kueleza zaidi.

Kuna pingamizi, na ni la haki: mbweha mwenye mikia tisa alikuwemo tumboni mwa Naruto tangu sura ya kwanza, na hata siku ya Neji nguvu za mbweha zilitumika. Kweli. Lakini mwanzoni mbweha alikuwa mkosi. Ndiye aliyewafanya wazazi wa kijiji wawavute watoto wao pembeni Naruto akipita, ndiye aliyemweka kwenye bembea peke yake siku wenzake waliohitimu wanapongezwa na baba na mama. Nguvu na adhabu vilifungwa kwenye furushi moja. Msomaji masikini hana shida na furushi la namna hiyo, anayo la kwake.

Kilichofuata ndicho kigumu kukimeza. Kwanza baba. Sura ya 440, Minato, Hokage wa Nne, yaani mkuu wa kijiji, shujaa ambaye uso wake umechongwa mlimani juu ya kijiji, anajitokeza ndani ya muhuri na kumwambia kijana kwamba yeye ndiye baba yake. Kisha mama, Kushina, wa ukoo wa Uzumaki wenye chakra, nguvu ya ninja, isiyo ya kawaida, aliyembeba mbweha huyohuyo kabla ya mwanawe. Kisha, vita vikiwa vimepamba moto, anatokea Hagoromo, Mzee wa Njia Sita, mwanzo wa ninja wote, na kumpa taarifa kwamba roho ya mwanawe mdogo, Ashura, imezaliwa upya ndani yake, na ya kaka mtu, Indra, imo ndani ya Sasuke, mshindani wake. Anamgawia nguvu, anamrudisha uwanjani. Wenye ofisi zao wanajua kitu hicho kinaitwaje. Hicho ni kimemo.

Sasa rudia maneno aliyomwambia Neji. Yule mtoto wa mtaani aliyesimama juu ya mwenzake na kukataa habari za fungu la kuzaliwa, fungu lake lilikuwa limeshaandikwa na babu tangu enzi za kale, na la Sasuke hivyohivyo, na ugomvi wao, na hata mapatano yao. Neji ndiye alikuwa sahihi. Bahati mbaya alishakufa, sura hamsini na ushei nyuma.

Kishimoto aliiona hatari, maana alijaribu kuiziba: Ashura anasimuliwa kama mtoto aliyezaliwa bila kipaji, akafika alikofika kwa kujituma na kwa msaada wa wenzake. Lakini kujituma kukishapitishwa kwa damu kutoka babu hadi mjukuu, kunageuka cheo cha ukoo kama vyeo vingine. Na jarida lenyewe lililochapisha hadithi hii linajulikana kwa maneno yake matatu: urafiki, juhudi, ushindi. Lile la katikati lilikuwa limeshapewa likizo.

Kifo cha Neji nakirudia mara kwa mara, si kwa mapenzi. Ni sura ya 614. Mkia-Kumi, dubwana la vitani, anarusha miiba ya miti, Hinata anajiweka mbele ya Naruto, Neji anajiweka mbele ya wote wawili. Naruto anamuuliza kwa nini. Neji anajibu kwamba ni kwa sababu Naruto aliwahi kumwita mwenye kipaji. Kisha ule muhuri wa kwenye paji unafutika, kama unavyofutika kwa kila mtu wa tawi la chini anapokufa. Kishimoto anataka tuione ile kuwa uhuru: amechagua mwenyewe, kama baba yake alivyochagua. Nimejaribu kuisoma hivyo. Siwezi. Kazi ya tawi la chini ni kufa kwa ajili ya tawi la juu, Hinata ni binti wa tawi la juu, na Neji amekufa kwa ajili yake. Naruto aliwahi kuapa mbele yake kwamba akiwa Hokage ataubadilisha ukoo ule. Waliomaliza sura zote 700 wanijibu: ukoo wa Hyuga ulibadilishwa ukurasa gani?

Mtu angeniambia nachagua mfano mmoja mchungu na kuufanya hoja. Basi tumchukue Guy, mwalimu wa Lee, kwa sababu hapo ndipo hadithi ilipokuwa na nafasi ya kujisahihisha yenyewe.

Madara Uchiha, adui wa vita hivyo, ameshakuwa mkubwa kuliko vita vyenyewe. Ana macho ya ajabu, ana Mkia-Kumi, majeshi ya mataifa matano yameshindwa. Guy anafungua lango la nane, la mwisho la nguvu za mwili, ambalo anayelifungua hufa. Hana ukoo unaotajwa. Baba yake alikuwa genin, ninja wa daraja la chini, maisha yake yote, mzee aliyechekwa kijijini, na mbinu hiyo ndiyo urithi pekee aliomwachia. Nilisoma sura hizo nikiwa kwenye foleni ya gari la Ujiji na nikaacha mbili zipite. Guy anapiga hatua ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, hewa yenyewe inageuka ngumi. Kisha anajitupa mzima mzima kama joka jekundu, na nusu ya mwili wa Madara inasagika. Madara anacheka kwa furaha, anamsifu, anakiri kwamba hajawahi kupigwa vile. Lee yuko pembeni, analia.

Hapo mwandishi alikuwa na hadithi yake mkononi. Ule mwanzo wa vyuma miguuni ulikuwa umefika mwisho wake: mtu asiye na chochote amemfikia mungu.

Alifanya nini nayo? Madara anajiunga upya, mwili unaota kama mgomba uliokatwa. Naruto anafika na nguvu alizotoka kupewa na Hagoromo, anamgusa Guy kifuani, na Guy hafi. Namshukuru kwa ajili ya Guy, kwenye sura ya mwisho tunamwona akiwa hai kwenye kiti cha magurudumu, na ule mguu angalau haukurudi. Ila hesabu ndiyo hiyo: jasho la maisha mawili, la baba na la mwana, limemkosa adui, na dakika hiyohiyo mtoto wa kigogo ameingia na kimemo kipya na kumaliza kazi kwa kiganja.

Na hata yeye hakuimaliza. Madara, aliyetayarishwa kwa mamia ya sura, anachomwa mgongoni na Zetsu Mweusi, mtu tuliyemzoea kama mbeba habari, na Kaguya anashuka. Ni adui nyuma ya adui: nyuma ya Pain kulikuwa na Tobi, Tobi akasema ni Madara, kumbe ni Obito, nyuma ya Obito Madara wa kweli, nyuma yake Zetsu, nyuma ya Zetsu mama mtu. Ni kama kusubiri kwenye kivuko cha reli treni ya mizigo ya kutoka Dar ikiingia: ukidhani behewa la mwisho limepita, kuna lingine. Kaguya mwenyewe sina la kusema juu yake, kwa sababu hadithi nayo haikuwa nalo.

Kuna jambo lingine linaloniuma kwa namna ya kwangu, ya mtu wa Kigoma, na silioni likisemwa sana.

Adui bora aliyewahi kuandikwa na Kishimoto ni Nagato, yule tunayemwita Pain. Nchi yake ni ndogo, ya mvua, imebanwa katikati ya mataifa makubwa ambayo yakigombana huja kupigania kwake. Wazazi wake waliuawa ndani ya nyumba yao na ninja wa Konoha, kijiji cha steringi wetu, waliokuwa wanatafuta chakula. Anapokuja kukivunja kijiji hicho na kukigeuza shimo, ana swali ambalo hakuna adui wa katuni aliyeniuliza kabla yake: ninyi mkilipiza mnaita haki, nikilipiza mimi mnaitaje?

Nilimsoma Nagato kwa mara ya pili mwaka 2015. Mei ya mwaka huo Warundi walikuwa wanafurika Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, chenye mlima mgongoni na ziwa usoni, ambako gari lilikuwa halifiki. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Liemba, meli ileile iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inawaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu. Nilipita pale uwanjani jioni moja. Kulikuwa na mvulana wa miaka kumi hivi amekaa juu ya godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, amepakata redio, mfuniko wa betri haupo na betri hazipo. Hakuwa anafanya chochote. Alikuwa anailinda tu.

Mkoa huu umepokea watu kutoka ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka tangu kabla sijazaliwa. Swali la Nagato kwetu halikuwa falsafa. Wapo waliokaa nalo meza moja. Kwa hiyo nilivyorudi kwenye zile kurasa nilikuwa nasoma kwa makini kweli kujua Naruto atajibu nini.

Naruto alijibu vizuri kwa upande wake. Alikuwa amempoteza Jiraiya, mwalimu wake, kwa mkono wa Nagato, na akamwacha hai. Msamaha huo una uzito na siuondoi. Lakini mara baada ya hapo Nagato anatoa uhai wake na kuwafufua wote aliowaua siku ile Konoha. Wote. Kakashi, mwalimu mwingine wa Naruto, anarudi. Waliofukiwa na vifusi wanajikung'uta vumbi. Jioni kijiji kizima kinamrusha Naruto juu juu kwa shangwe.

Sasa nani alisamehe? Nani pale Konoha aliamka kesho yake na kaburi la mtu wake, akatakiwa aseme "yaishe"? Hakuna. Mwandishi aliuliza swali la watu wenye makaburi, akalijibu kwa kuyaondoa makaburi. Kuanzia hapo nikaacha kuogopa mtu yeyote atakapoanguka. Vita vilipokuja wafu wakafufuliwa kwa mafungu, wakapangwa kama kikosi cha akiba, hadi Zabuza na Haku wa mwanzoni kabisa, ambao kifo chao kwenye theluji ndicho kilichonifundisha kwamba katuni inaweza kuumiza. Wale wangeachwa walale.

Kwa nini ikawa hivi? Methali ya mgema na tembo lake ndiyo ya kwanza kumjia mtu, na naona haifai. Kishimoto hakulewa sifa akaanza kutia maji. Ukitazama michoro ya vita, mtu yule alikuwa anafanya kazi hadi mwisho. Tatizo la mgema huyu ni kwamba hawakumruhusu kushuka mtini.

Jarida la Jump hutoka kila wiki, na mwandishi hutakiwa alete kurasa kama kumi na tisa zilizochorwa. Wasomaji hutuma kadi kusema wamependa hadithi zipi. Zinazoburuta mkia hukatwa, hata kama mwandishi alikuwa ndiyo kwanza anajipanga. Zinazoongoza, nani atazimaliza? Zimebeba katuni ya runinga, filamu, michezo ya kompyuta, midoli. Katika mfumo huo adui akifa lazima mwingine awe ameshabisha hodi, na mwandishi anayetafuta adui mkubwa zaidi kila mwaka mwishowe humaliza binadamu na kuanza kutafuta kwa miungu. Mtoto wa kawaida hawezi kupigana na miungu. Ndipo inabidi aletewe babu.

Sisemi wahariri ni maadui. Sasuke mwenyewe, bila yeye Naruto isingekuwa Naruto, aliingia baada ya mhariri wa kwanza, Kosuke Yahagi, kumshauri Kishimoto ampe Naruto mshindani. Ninachosema ni kuhusu kupumzika. Wavuvi wa dagaa wa huku hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa haivuti samaki, boti zinavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulala na familia zao. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilifungwa miezi mitatu samaki wazaliane, watu wakanung'unika sana, na mimi nikiwemo, maana migebuka ilikuwa haishikiki bei. Lakini hakuna mvuvi aliyebisha kwamba ziwa linahitaji kupumua. Kishimoto alivua miaka kumi na tano, na mbalamwezi zake ni chache za kuhesabika.

Hiromu Arakawa aliandika Fullmetal Alchemist kwenye jarida la kila mwezi, 2001 hadi 2010, juzuu 27, akamaliza. Kanuni aliyoiweka mwanzoni, kwamba hupati kitu bila kutoa kitu, aliisimamia hadi ukurasa ambao steringi wake analipa kwa kipaji chake chote ili ndugu yake arudi. (Ambaye hajasoma anisamehe, ameshachelewa.) Sidhani Arakawa ni fundi kuliko Kishimoto katika kila kitu, kwenye mapigano simpi. Alikuwa na wiki nne pale mwenzake alipokuwa na moja, na alijua nyumba yake ina vyumba vingapi kabla ya kuchimba msingi.

Rafiki yangu wa pale kibanda cha movie hunicheka ninapofika hapa. "Wewe umezidi kusoma, bwana. Hiyo ni katuni. Steringi kashinda, unataka nini tena?" Kisha hunikumbusha kwamba mimi huyohuyo niliwahi kumlipa alfu tatu aniwekee vita vyote. Sina jibu la hilo.

Na kuna jambo lazima niliseme ili nisiwe mchoyo. Pambano la mwisho la Naruto na Sasuke, pale kwenye bonde la maporomoko, ni zuri. Miungu imeshaondoka, chakra imewaishia, wamebaki kutandikana ngumi kama walevi wa saa tisa usiku. Asubuhi wamelala chali kando kwa kando, kila mmoja amepoteza mkono, damu yao imekutana katikati ya jiwe. Naruto baadaye aliwekewa mkono wa bandia, Sasuke akaukataa wake. Ile bei ya siku ya Lee ilirudi kwa kurasa chache, na mkono wa mwandishi ukatambulika. Ndiyo maana nina hasira. Mtu asiyejua kupika akiunguza wali huwezi kumlaumu.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili sasa. Mwaka jana alikuja kukaa kwetu likizo ya Desemba, na siku ya tatu nikamkuta amechora Lee nyuma ya daftari la sayansi, nyusi nene kama viwavi, vyuma vya miguuni vikubwa kuliko miguu. Nilimwekea kwenye simu yake juzuu 27 za kwanza, pale sehemu ya kwanza inapoishia. Akaniuliza zilizobaki ziko wapi. Nikamwambia simu imejaa.

Watoto wa siku hizi hawadanganyiki kwa simu kujaa. Jumapili iliyopita nilikuwa nakula pale nje, nikasikia viatu vinakuja mbio kutoka barabarani. Amefika anahema, simu mkononi, juzuu ya 47.

"Shikamoo mjomba. Mjomba! Kumbe baba yake alikuwa Hokage!"

Macho yanang'aa, meno yote nje. Nikasema marahaba, nikamsogezea sahani ya migebuka, akakaa kunisimulia yote tangu mwanzo.